Mtoto wa mwaloni ana walezi wengi: nani anafanya nini, na kamba hukatikia wapi

Mtoto akizaliwa leo kwenye mwalo, yaani ufukwe wa ziwa mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, huko Ilemela, Sengerema au Ukerewe mkoani Mwanza, kabla hajakalia dawati la darasa la kwanza atakuwa amepita mikononi mwa watu wengi. Mkunga wa zahanati. Muuguzi wa kliniki anayempima uzito na kujaza kadi namba 1. Mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Mama wa jirani aliyegeuza uwanja wake kituo cha kulelea watoto. Mwalimu wa awali. Afisa ustawi wa jamii, mambo yakiharibika. Na mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo mjumbe wa kamati ya maji na ya shule. Baadhi yao wana ajira, cheo na mshahara, wengine wanajitolea. Ukimuuliza mzazi yupi ni yupi, wengi watakujibu tu kwamba ni "watu wa serikali" au "watu wa mradi".

Kutowajua si kosa la mzazi. Mfumo wenyewe umesukwa kwa nyuzi nyingi, na anayetaka kuuelewa inabidi azifuate mmoja mmoja. Nitasema mapema ninachoamini: shida kubwa ya ushirikiano huu haiko kwenye moyo wa kujitolea, maana moyo huo upo tele kando ya ziwa. Shida iko pale mtoto anapotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hasa pale habari zake zinapotakiwa kurudi zilikotoka.

Mtoto aliyegawanywa kwa umri

Tangu akiwa tumboni hadi anapofikisha miaka miwili hivi, mtoto ni wa sekta ya afya. Kuna kliniki ya wajawazito, chanjo, kupimwa uzito. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi tisa na kurudiwa akiwa na miezi kumi na minane, na katikati hapo akina mama wengi hupotea kliniki kwa sababu hakuna sindano inayowaita. Kati ya miaka miwili na minne anaingia kwenye eneo lenye ukungu: akipelekwa kituo cha kulelea watoto mchana, kituo hicho kinapaswa kusajiliwa na ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Asipopelekwa popote, hana ofisi inayomtazama kila siku. Akifika miaka mitano anakuwa wa elimu, kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima.

Ili kuziunganisha ofisi hizi, mwezi Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka 2021/22 hadi 2025/26, inayomhusu mtoto wa miaka sifuri hadi minane. Jina ni refu, na hata kifupi chake, PJT-MMMAM, kinakwama mdomoni. Maudhui yake lakini ni mepesi kueleweka: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mambo hayo matano yanatokana na mwongozo wa malezi jumuishi ambao Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliutoa 2018. Hapa kwetu mratibu ni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, wakati zahanati na shule za msingi ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Kwa hiyo ngazi ya juu kuna wizara kadhaa kwa mambo matano. Ukishuka mtaani, yote matano yanagonga mlango wa mtu mmoja au wawili, kwa kawaida mwanamke anayejulikana na kila mtu, mwenye daftari, na ambaye leo asubuhi naye alikuwa anaanika dagaa.

Anayemwona mtoto na anayejua la kufanya

Nafasi ya mtu wa kujitolea mara nyingi huelezwa vibaya. Huelezwa kana kwamba ni mtaalamu mdogo, mwenye ujuzi pungufu na bei nafuu. Kwa maoni yangu hilo linawadhulumu wote wawili. Muuguzi anamwona mtoto kwa dakika chache, mara moja kwa mwezi, tena akiwa ameoshwa na kuvalishwa nguo ya kutokea. Jirani anamwona kila siku, akiwa na njaa, akicheza, akilia usiku. Kuna mambo ambayo dakika chache haziwezi kuyaonyesha.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inaonyesha hilo vizuri, na Kanda ya Ziwa haiwezi kuukwepa ugonjwa huu. Utafiti uliochapishwa 2018, uliotumia sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 zilizokuwa zimeletwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka mikoa ya kaskazini magharibi kwa ajili ya kipimo cha VVU, ulikuta takribani mtoto mmoja kati ya watano amebeba vinasaba vya selimundu, na watoto kama kumi na wawili katika kila elfu moja wana ugonjwa wenyewe. Mtoto huyo huzaliwa akionekana mzima kabisa. Miezi ya mwanzo hulindwa na ile damu aliyokuja nayo kutoka tumboni. Inapoanza kupungua, kuanzia miezi sita hivi, dalili hujitokeza, na mojawapo ya zile za awali ni vidole vya mikono na miguu kuvimba. Mtoto aliyekuwa anashika kila kitu anaacha kushika. Ukimvalisha soksi analia.

Nani atakuwa wa kwanza kuona? Mama, bibi, au yule anayemlea mchana mama akiwa mwaloni. Wanaweza kudhani ameng'atwa na mdudu, au ameanguka. Wengine watasema amerogwa. Hapo mhudumu wa jamii aliyefundishwa dalili hiyo moja tu, vidole vya mtoto mdogo kuvimba bila jeraha, ana thamani kubwa. Hatakiwi kujua kipimo cha damu kinavyofanyika wala dozi ya haidroksiyurea, dawa ya ugonjwa huo. Anatakiwa kusema: "Mama, huyu tumpeleke akapimwe damu, tusingoje." Baada ya hapo kazi ni ya mtaalamu: kupima, kuanzisha dawa ya kuzuia maambukizi, kumpangia kliniki ya kudumu na kuwaeleza wazazi kuhusu mimba zijazo. Mtoto aliyegundulika akiwa na mwaka mmoja na yule aliyegundulika akiwa na miaka sita, baada ya kuongezewa damu mara kadhaa, wana safari mbili tofauti kabisa.

Utepe wa kupimia mkono, ambao wahudumu wanauita MUAC, unafanya kazi kwa mgawanyo huohuo. Unazungushwa kwenye mkono wa kushoto wa juu, katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani ni salama. Njano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ni utapiamlo wa kadiri. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na mtoto anatakiwa kituoni bila kuchelewa akaanzishiwe chakula dawa. Ni kifaa cha kumfundisha mtu kwa muda mfupi, ila kina ujanja wake: ukiubana sana, mtoto mzima anasoma njano, ukiulegeza, mwenye njaa anasoma kijani. Kwa hiyo mhudumu anahitaji mtaalamu wa kumsimamia mara kwa mara, amtazame anavyopima, amrekebishe palepale. Semina moja hotelini haitoshi, hata kama chakula chake kilikuwa kizuri.

Karatasi inayokwenda isirudi

Hapa ndipo kamba inapokatika. Mhudumu akimwona mtoto mwenye shida anaandika rufaa. Mama anaichukua, pengine anakwenda kituoni kesho yake, pengine baada ya wiki mbili nauli ikipatikana. Kituoni anaonwa, anaandikiwa dawa, anarudi nyumbani. Mtoto kahudumiwa, kila kitu kinaonekana kimekwenda sawa.

Lakini yule aliyemtuma hajaambiwa kitu. Hajui kama mama alifika. Hajui kama alichokiona kilikuwa chenyewe au alikosea. Hajui kama mtoto anatakiwa kurudi baada ya siku saba, wala ni dawa gani anapaswa kuhakikisha inamezwa. Akituma wa pili, kimya. Wa tatu anarudi na mama akilalamika kwamba amepanga foleni tangu alfajiri na hakuna aliyeitazama hata hiyo karatasi. Baada ya hapo mhudumu ataendelea kuzunguka na daftari lake, lakini rufaa zitapungua. Msimamizi akizikagua takwimu ataandika kwamba "ari ya wahudumu imeshuka" na kupendekeza semina nyingine ya kuwahamasisha.

Mrejesho ni kazi ya dakika mbili. Fomu za rufaa za jamii huwa na sehemu ya kujazwa na kituo ili irudi kwa aliyetuma. Isipojazwa, mara nyingi si kwa dharau. Muuguzi yuko peke yake, kuna wajawazito thelathini kwenye benchi na vitabu vya kujaza ni vingi. Na zaidi ya hapo, hakuna anayemuuliza. Huenda ripoti yake ya mwezi haina hata kisanduku cha "rufaa ngapi za jamii zimerudishiwa majibu". Kinachohesabiwa hufanywa, kisichohesabiwa husubiri.

Ubaya ni kwamba mkoa huuhuu umewahi kuonyesha jinsi mnyororo unavyoweza kufungwa. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao sasa umeenea nchi nzima baada ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, ulijaribiwa kwanza Sengerema katikati ya muongo uliopita. Mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, au mtoto mchanga wa hadi siku 28 akipata dharura, inapigwa simu namba 115 bila malipo. Anayepokea ni mtu aliyefundishwa. Anauliza maswali, anaamua mgonjwa aende kituo gani, anatafuta gari la wagonjwa. Gari likikosekana anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, mwenye teksi au gari lake. Dereva anamfikisha mgonjwa, kituo kinathibitisha kwamba amefika, dereva analipwa.

Dereva hakufanywa nesi. Kazi yake imebaki udereva. Simu ina mwenyewe, uamuzi una mwenyewe, na malipo hayatoki mpaka mtu wa upande wa pili aseme "amefika". Mrejesho umefungwa ndani ya malipo, haungoji huruma ya mtu. Ningependa kuona rufaa ya mtoto wa miezi kumi mwenye utepe mwekundu ikifuatwa kwa ukali huohuo, ingawa yeye hatokwi damu na hivyo hamtishi mtu.

Habari ya posho

Haiwezekani kuongea kuhusu kujitolea bila kuongea kuhusu pesa, ingawa kwenye vikao tunapenda kuizunguka mada hii. Kujitolea kwa saa mbili Jumamosi ni jambo moja. Kupita kaya hamsini kila mwezi, kuhudhuria vikao na kujaza fomu za miradi mitatu tofauti ni ajira isiyo na jina. Kwa miaka mingi mhudumu wa jamii alilipwa kulingana na mfadhili aliyekuwepo: mradi wa kifua kikuu una posho, wa lishe una fulana, wa malezi una ahadi. Matokeo yake mtu mmoja anamtembelea mama huyohuyo mara tatu kwa madaftari matatu, halafu mradi unafungwa na hakuna anayekwenda tena.

Serikali ilijaribu kulitengeneza hili Januari 2024 ilipozindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA, wenye lengo la kufikisha wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Idadi hiyo haikuotwa: ni wawili kwa kila kitongoji na mtaa nchini, mwanamke na mwanaume. Wanafundishwa kwa miezi sita na wanatakiwa kubeba huduma zote kwa pamoja, siyo mtu wa malaria huku na mtu wa lishe kule. Ni hatua kubwa. Ina swali lake pia: WAJA aliyefundishwa na kulipwa anakuwa mtu wa katikati, nusu mtaalamu nusu jirani, na pembeni yake wanabaki wale wa zamani ambao walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo miaka kumi bila cheti. Halmashauri itakayowaacha hivihivi itapoteza watu wanaojua kila uchochoro. Mama aliyewahi kuongoza kikundi cha lishe anaweza asiwe na elimu ya kupokelewa kwenye mafunzo, lakini ndiye anayefunguliwa mlango.

Kwa upande wa shule hali inafanana. Mkoa jirani wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ambako vijana wa kijijini waliandaliwa kuwa walimu wasaidizi wa jamii, wakafundisha watoto wasio na darasa la awali karibu kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza shule, kwa hadithi na michezo. Walifanya vizuri pale mwalimu mkuu wa shule mama alipowachukulia kama watu wake, akawatembelea. Pale walipoachwa peke yao chini ya mwembe, waliondoka pindi walipopata kazi nyingine, na nani atawalaumu?

Siri, na mipaka isiyovukwa

Upande wa ulinzi unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa nia njema inaweza kumuumiza mtoto. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ipo pia simu namba 116, ya bure, kwa ajili ya mambo ya watoto. Wajibu wa jirani unaishia kwenye kutoa taarifa. Kumhoji mtoto, kumwita mtuhumiwa kikaoni, au kuwasuluhisha wazazi kwa faini ya mbuzi si kazi ya mjumbe wa kamati, hata awe mzee wa heshima kiasi gani. Mtoto aliyehojiwa na watu watano kabla hajafika kwa afisa ustawi au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi anafika akiwa amechoka na amejifunza kunyamaza.

Yapo mambo ambayo mtaalamu naye hawezi bila mtu wa kujitolea. Afisa ustawi wa kata akimkuta mtoto wa miaka mitatu anayehitaji kuondolewa nyumbani saa tatu usiku, hana chumba cha kumlaza ofisini. Anachokitegemea ni familia ya kuaminika: kaya iliyokwishachunguzwa, ikafundishwa na kukubali kumpokea mtoto kwa muda. Hao wanajitolea nyumba, chakula na usingizi wao. Ni watu wachache, na kwa mtazamo wangu ndio waliobeba mzigo mzito kuliko wote kwenye mnyororo huu, wala huwaoni kwenye picha za maadhimisho.

Kalenda ya mwezi, siyo ya ofisi

Jambo la mwisho ni la kwetu wa ziwani hasa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kwenye mialo kama Igombe na Kayenze, na zaidi visiwani, kuna siku ambazo akina mama wako juu ya vichanja na mchanga tangu alfajiri, wakianika na kugeuza kabla mvua haijawaharibia, na kuna siku ambazo wana nafasi. Kliniki ya mkoba iliyopangwa kwa tarehe za ofisi itawakuta au isiwakute kwa bahati tu. Mhudumu wa mwaloni anajua hilo bila kuambiwa. Anajua pia kambi ikihama, familia ya Kulwa na Doto walioandikishwa Ukerewe imekwenda kisiwa gani, na kadi zao ziko kwa nani. Mpango mzuri wa chanjo au wa matone ya vitamini A, yanayotolewa Juni na Desemba, huanza kwa kumuuliza yeye kabla tarehe haijabandikwa.

Na mama akiwa kwenye dagaa, mtoto wa miaka miwili yuko wapi? Yuko hapohapo, hatua chache kutoka majini, akiangaliwa na dada wa miaka saba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kuhusu kuzama maji unapendekeza mahali salama pa kuwalea watoto ambao hawajafikia umri wa shule, na msukumo mkubwa ulitoka Bangladesh, ambako vituo vya kijijini vinavyofunguliwa asubuhi tu, saa ambazo wazazi wana kazi nyingi, vilipunguza sana vifo hivyo. Kituo kama hicho kikiwa mwaloni kinafanya kazi nne kwa mpigo: mtoto hazami, anacheza na kuchangamshwa, anapata uji, na mhudumu anawapima wote mahali pamoja badala ya kuwafuata nyumba arobaini.

Vituo vya namna hii tayari vipo vya kienyeji, kwa mama fulani mwenye kivuli na subira, anayelipwa sarafu au dagaa. Kisheria havijasajiliwa, na afisa ustawi akifika ana njia mbili. Anaweza kuvifunga kwa kukosa uzio na choo cha watoto, na watoto watarudi ufukweni kesho asubuhi. Au anaweza kukaa na mama huyo, mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa mwalo, wakakubaliana uzio utajengwa na nani, ushuru wa mwalo uchangie kiasi gani, muuguzi aje siku gani ya mwezi, na usajili ukamilike lini. Njia hiyo ya pili ni ndefu, inahitaji vikao vitatu au vinne na mtu wa kuvifuatilia. Afisa mmoja mwenye kata kadhaa hawezi kuvihudhuria vyote, kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza inafaa achaguliwe mwenyeji mmoja wa mwalo, aandikwe jina kwenye muhtasari, na posho yake ya nauli itajwe papo hapo.